Mwalimu wa Nyungu na Daftari la Jua

Mwalimu aliogopa giza, na nadhani bado analiogopa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba alitunza nyumba ya darubini miaka yote ile, wanadhani alikuwa mtu wa kukesha akihesabu nyota. Wapi! Saa moja jioni Mwalimu alikuwa ameshapiga makomeo mawili na kuegemeza kiti mlangoni. Mbwa wa jirani akibweka, alimwamsha mkewe aende kuangalia. Nilipomuuliza mbona hajui hata nyota moja kwa jina, alinijibu bila haya yoyote, "Mama Uji, mchana niko na kazi. Usiku niko na blanketi. Nyota ni ya mapadri na walevi."

Kazi yake ilikuwa jua. Kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo, saa nne asubuhi, aliingia kwenye kile kijumba, akafungua dirisha refu la paa na kuielekeza darubini juani. Lakini hakuchungulia. Mwanga ulipita ndani ya darubini ukatua kwenye karatasi nyeupe iliyobanwa ubaoni, na pale jua likaonekana, duara safi lenye madoa meusi madogo madogo. Mwalimu aliyachora kwa penseli, moja moja, akaandika siku na saa. Basi. Ukimuuliza ni ya nini, alikueleza kwamba jua linajizungusha, madoa yanatembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa muda wa wiki mbili hivi, mengine yanakufa, mengine yanazaliwa, kuna miaka yanajaa na miaka yanaadimika, na ukitaka kuujua mwendo huo lazima mtu awe amekaa hapo akaandika.

"Kila siku, mama," alisema. "Sio ile siku unajisikia."

Kijumba chenyewe kiko Gatitu, kwenye kiwanja cha shule, nyuma ya choo cha walimu. Ukuta ni wa mawe, wa duara, na paa ni la mbao za mutarakwa, ule mwerezi wa milimani, zilizopigiliwa mabati, limevimba kama chungu kilichofunikizwa. Ndiyo maana watu wa hapa wanakiita Nyungu. Paa hilo linazunguka juu ya magurudumu ya chuma, ukilisukuma kwa bega. Zamani Mwalimu aliyapaka magurudumu mafuta ya kupikia, hadi siafu walipogundua, na siku hiyo nilimwona yeye, mzee wa kanisa, akitoka mbio na suruali mkononi.

Mimi si mtu wa hapa. Mume wangu ni polisi mstaafu, tulihamishiwa Nyeri kutoka Kakamega tukaambiwa ni ya miaka mitatu, na sasa wajukuu wetu wanaongea Kikuyu kuliko mimi. Nilianza kuuza uji wa wimbi kwenye lango la shule ili nisikae tu kwenye nyumba za polisi nikisikiliza masengenyo. Saa nne ilikuwa saa ya uji wa Mwalimu. Nilimpelekea kwenye chupa ya chai kule ndani, nikabaki kidogo, na kile kidogo kikawa miaka.

Historia ya Nyungu niliisikia kutoka kwake, na aliisimulia kila mara kama vile nilikuwa sijawahi kuisikia. Padri mmoja mzungu mwenye ndevu aliijenga kabla ya Uhuru. Darubini ilipandishwa kutoka stesheni ya Kiganjo kwa punda, vipande vipande. Siku za Hali ya Hatari, watu wa vijiji waliamini padri anachungulia msitu awaone vijana wapigania uhuru walioko Nyandarua. Nao wazungu wenye bunduki waliamini anawapigia hao vijana ishara. Padri aliwaonyesha wote karatasi zake: jua, jua, jua. Hakuna aliyemwamini, wa huku wala wa kule.

Halafu padri akarudi kwao, na Nyungu ikawa stoo ya mahindi. Mwalimu alipoletwa shuleni kufundisha jiografia, alifungua mlango akakuta kuku ameatamia juu ya sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na madaftari ya padri. Alimwacha kuku amalize kuangua, ndipo akaanza kusoma. Mara nyingi alinionyesha ukurasa wa mwisho wa padri, kisha ukurasa wa kwanza wa kwake, na kati yao kidole chake kikasimama.

"Hapa iko na shimo," alisema. "Miaka yote hiyo jua iliwaka na hakuna mtu aliandika. Hatutajua. Hata tulie, hatutajua."

Alilisema hilo kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa ndama. Na hapo ndipo utaelewa hofu yake nyingine, kubwa kuliko ya giza: kwamba shimo la pili litatokea mikononi mwake.

Duara la kila siku alilichora kwa kuzungusha penseli kwenye ukingo wa sahani ya bati ya mkewe, kwa sababu sahani hiyo ilitoshana na duara la padri kama vile walinunua duka moja. Mkewe hakusamehe. Mama yule ni mwembamba, mwenye macho ya mwewe, na hadi leo ukiketi kula kwake atakuambia, "Niliolewa na sahani sita. Tano ziko hapa. Moja ilichukuliwa na jua."

Mwalimu alikuwa mtu wa jua aliyelikwepa jua. Alitoka nyumbani kwake na mwavuli mweusi kiangazi, akavuka uwanja chini ya mwavuli, akaufunga mlangoni mwa Nyungu, akaingia kulitazama lile lile alilokuwa analikimbia. Aliona doa dogo kuliko punje ya haradali, lakini sweta lake alilivaa nje-ndani wiki nzima. Kwa saa za watu wengine alikuwa mkali balaa. Yeye mwenyewe kanisani alifika wakati wa sadaka. Na alipofika, ikikaribia saa nne anainuka tena. Mchungaji alijifunza kumaliza hoja ya pili mapema, maana Mwalimu akisimama, nusu ya waumini wanageuza shingo kutazama dirishani kama jua lipo.

Kitu kimoja hakukifanyia mzaha. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka jicho kwenye darubini. Mheshimiwa mmoja alikuja shuleni wakati wa kutafuta kura, akaletwa Nyungu apigwe picha, akainama achungulie. Mwalimu akamshika koti.

"Mheshimiwa, hotuba yako ni ndefu?"

"Kurasa nne," akajibu kwa fahari.

"Niazime."

Aliiweka pale mwanga unapotokea. Kabla hujahesabu tano, moshi! Tundu jeusi likapita kurasa zote nne. Mwalimu akamrudishia karatasi kwa adabu na kumwambia, "Sasa kama unataka, weka jicho." Siku hiyo tulihutubiwa dakika mbili tu, na watu wa Gatitu wakamshukuru Mwalimu hadi sokoni.

Wageni walidhani miezi ya baridi ni likizo yake. Juni, Julai na Agosti, Nyeri inajifunika ukungu hadi mchana, mlima umepotea, nguo hazikauki. Yeye hakukosa. Alikaa ndani ya Nyungu na koti na kofia ya sufu, akingoja, dirisha la paa wazi na manyunyu yakituingilia kwenye vikombe. Saa saba ikifika bila jua, alizungusha sahani, akachora duara tupu, na chini yake akaandika maneno yale yale: *Jua halikuonekana. Tulikuwepo.*

"Nani hao?" nilimuuliza mara ya kwanza. "Si uko peke yako?"

"Wewe, mimi na uji."

"Sasa kuna faida gani kuandika kwamba hujaona kitu?"

"Ukungu pia ni habari, Mama Uji. Mtu atasoma hii na atajua siku hiyo hatukulala. Lakini ukurasa ikikosa, atajua nini? Hajui kama ni jua ilikosa ama ni mtu."

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana bila hiyo simulizi hii haina miguu. Ilikuwa mwezi wa tisa, jua limerudi, tuna furaha kama watoto. Nilifungua chupa ya uji huku nikimcheka kwa sababu ya sweta. Kifuniko kikaruka, paa! Tukafuta sakafu, tukafuta ubao, tukafuta kofia yake. Yakaisha.

Kesho yake Mwalimu aliona doa jipya, kubwa, la rangi ya kahawia, karibu na katikati. Akalichora. Siku iliyofuata lilikuwa pale pale. Siku ya tatu, pale pale. Madoa mengine yakitembea, hilo limekataa. Ee bwana, Mwalimu hakulala. Aliniambia mimi, akamwambia Mkuu wa shule, akaandika barua Nairobi kwa watu wa chuo kikuu. Jumapili mchungaji alituombea, maana ati jua limesimama mara moja tu kwenye Biblia na sasa kuna dalili. Siku tisa alilichora doa lile, kila siku kwa uangalifu zaidi.

Siku ya kumi mkewe alikuja kudai sahani. Alisimama, akatazama karatasi, akatazama kioo cha chini cha darubini, pale mwanga unapotokea. Akalowesha ncha ya kidole, akafuta, akanusa. Sitasahau uso wake.

"Hii ni wimbi," akasema. "Na imechachuka vizuri. Hii ni uji ya Mama Uji."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mwalimu aliketi juu ya sanduku la padri akafunika uso, mabega yakatikisika. Nikajua analia. Kumbe anacheka, anacheka hadi machozi, hadi na mkewe akashindwa kujizuia akasahau sahani.

Lakini kicheko kilipoisha nilimwambia, "Mwalimu, kurasa hizo tisa zichane. Kwa heshima yako. Na ya uji wangu." Mkuu naye alimshauri hivyo hivyo. Alikataa katakata. Alichukua kalamu nyekundu, akalizungushia kila doa kati ya yale tisa, akaandika pembeni: *Uji.* Na kwenye ukurasa wa kumi akaeleza, kwa mwandiko wake wa ubaoni, kwamba mtazamaji alikosea, kwamba angeitikisa darubini kidogo angeona doa linacheza pamoja nayo na angejua ni uchafu, na kwamba sasa anaitikisa kila siku. Watoto wa shule walitutania muhula mzima. "Mama Uji, leo umepaka jua?"

Huyo Mkuu wa shule si mtu mbaya, nataka ieleweke. Ni mtu wa Machakos, anajua shida ya maji tangu utotoni, na shule yetu ina watoto wengi na matangi mawili yanayovuja. Kamati ilitaka kujenga mnara wa matangi mapya, na mahali pazuri, palipoinuka, ni pale penye Nyungu. Mkuu alimwambia Mwalimu kwa upole, "Mzee wangu, hii kitu ni kumbukumbu nzuri, lakini watoto hawawezi kunywa kumbukumbu." Mwalimu alirudi Nyungu akazungusha sahani, na siku hiyo duara likakataa kufunga.

Ndipo barua ya doa ilipozaa. Mwaka mpya ulipoanza, akaja mtaalamu kutoka chuo kikuu, mama mmoja mfupi mwenye viatu vya matope, amekuja kuona jua lililosimama. Mkuu alifurahi, akadhani ataambiwa rasmi kwamba vitu hivi ni takataka, mambo yaishe. Kamati nzima ilijipanga ukutani. Yule mama akafungua daftari, akafunua, akafunua. Akafika kwenye zile kurasa nyekundu. Nikaangalia viatu vyangu.

"Hii *Uji* hapa ni nini?" akauliza.

Mwalimu akanisonta kwa kidevu, msaliti yule. Nikaeleza. Yule mama alicheka sana, akaomba kikombe, akanywa, halafu akawageukia kamati.

"Nimesoma madaftari masafi ambayo siyaamini hata kidogo, kwa sababu hakuna binadamu asiyekosea. Mtu aliyeacha uji wake uonekane, hata yale mengine aliyoandika nayaamini. Msiguse kitu hapa." Kisha akamtazama Mwalimu. "Lakini mzee, baada yako nani? Daftari likikatika, hata mimi sitaweza kuwatetea."

Kamati ilijadiliana hadi saa ya chakula. Walitoka na neno moja, na Mkuu ndiye aliyelisoma: mnara utangoja mpaka shule zifungwe mwisho wa mwaka. Ikiwa daftari litaandikwa kila siku bila pengo, watatafuta mahali pengine pa matangi. Siku moja ikikosa, Nyungu inabomolewa. Tulipiga makofi. Mwalimu alipiga zaidi ya wote, na mimi sikujua kwamba wakati huo alikuwa tayari na siri.

Alikuwa na mchezo. Kila nikiingia na chupa, aliuliza, "Haya Mama Uji, leo jua iko na chunusi ngapi?" Mimi nahesabu kwenye karatasi, "tatu", "tano", "hapa pembeni kuna kadogo", naye anachora. Nilidhani ananifundisha. Sasa kuna asubuhi nilikuja na utani wangu. Yalikuwa madoa mawili. Nikasema, "Saba!" nikingoja anigombeze. Mwalimu akaishika penseli akachora yote saba.

Niliganda. Nikamgusa mkono. "Mwalimu, nilikuwa nakutania. Ni mawili."

Aliweka penseli chini. Akasema polepole, "Ni mtoto wa jicho. Hii ya kushoto, karibu mwaka. Hii ya kulia pia imeanza." Nikamuuliza mbona hakusema. "Ningesema, wangeandika nini kwenye hiyo kamati? Ati kipofu anachunga jua?"

Nililia, sitaficha. Yeye hakulia. Alitafuta kalamu nyekundu kwa kupapasa, nikampa, akayakata yale matano ya uongo na kuandika pembeni, kwa herufi kubwa zilizopinda: *Utani.* Halafu akanisukumia ubao. "Mimi nilikuwa nikiambia watoto, usiandike unataka nini, andika unaona nini. Mimi sioni. Andika wewe."

"Mwalimu, mimi niliachia darasa la sita."

"Jua haijauliza cheti."

Basi mkono huu uliozoea mwiko ukashika penseli. Wiki ya kwanza madoa yangu yalikuwa makubwa kama maharagwe. Akanifunza kupumua nje kabla ya kuchora, kuanza na doa kubwa, kuitikisa darubini kwanza. "Tikisa!" alipiga kelele kila asubuhi, "tikisa tujue kama umetuletea kiamsha kinywa!" Binti yake aliyeolewa Wang'uru alikuja akamchukua, yeye na mkewe, akafanyiwe upasuaji na apone huko kwenye joto. Alipoondoka alinikabidhi ufunguo, sahani na mwavuli. Hakuniambia kwaheri. Aliniambia, "Saa nne."

Nikabaki na Nyungu. Niliandika nikiwa na mafua, niliandika siku ya harusi ya mwanangu nikiwa na gauni la kitenge na maua kichwani. Daftari la zamani likajaa, nikaanza jipya. Kisha Julai ukafika na ukungu wake, na Mwalimu akapiga simu: jicho la kwanza limefunguliwa, anataka kuliona daftari lililojaa, mwandiko wangu, kwa jicho lake mwenyewe. Kwenda na kurudi Wang'uru ni siku nzima. Na siku haina mwandishi mwingine.

Nilikwenda ofisini kwa Mkuu. Nikaweka ufunguo mezani.

"Sharti la kila siku ulilisoma wewe kwa mdomo wako," nikamwambia. "Kesho pia ni siku."

Aliutazama ule ufunguo kama nyoka. "Mama, mimi? Mimi ndiye nilitaka kuibomoa."

"Ndiyo maana najua utafika kwa wakati. Sahani iko juu ya sanduku, na chupa ya uji nitakuachia hapo hapo."

Wang'uru jua lilikuwa linachoma kweli. Mashamba ya mpunga yalimeta maji hadi macho yaniume, watoto wakifukuza ndege kwa kelele na makopo. Nilimkuta Mwalimu uani, chini ya kivuli cha nyumba, kofia ya sufu kichwani na joto lote lile, jicho moja limefunikwa, jingine linang'aa kama la kijana. Mkewe alinikumbatia akauliza sahani yake. Mwalimu hakunisalimu.

"Kama wewe uko hapa," akasema, "nani yuko Nyungu?"

Nilimpa daftari. Alilifungua akalisogeza karibu, akapita kwenye maharagwe yangu ya mwanzo, akapita kwenye kurasa za harusi na mafua, akitabasamu, kidole kikitafuta tarehe moja moja. Hakukuwa na shimo. Alipofika mwisho aliinua uso, na furaha yote imekwisha. "Leo, Mama Uji. Nimeuliza leo."

Simu yangu ikalia. Ilikuwa ni saa saba na dakika chache. Nikaiweka sauti ya nje.

"Mama," ilikuwa sauti ya Mkuu, meno yanagongana. "Niko huku tangu saa tatu na nusu. Nimesukuma hili paa mpaka bega limetoka. Ni ukungu mtupu. Nimenyeshewa. Hakuna jua, hakuna chochote. Sasa nifunge tu niende?"

Mwalimu aliruka kutoka kwenye kiti. Sijawahi kumwona akiruka.

"Usifunge!" alipaza sauti hadi ndege wakapaa kutoka mpungani. "Mkuu! Chukua ile sahani. Chora mviringo. Umechora? Chini andika: Jua halikuonekana."

Tulisikia penseli. Tulisikia Mkuu akipumua. "Nimeandika. Basi?"

"Bado. Ongeza: Tulikuwepo."

Penseli tena. Mwalimu alikuwa amenishika mkono, na machozi yalikuwa yanatoka kwenye jicho jipya, ambalo daktari alimkataza kulitia maji.

"Nimeandika, Mwalimu," Mkuu akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo badala ya mzee. Kisha akauliza, "Na kesho jua likitoka, nitajuaje doa la kweli?"

Mwalimu alicheka. Alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

"Kwanza," akasema, "hiyo chupa ya uji toa nje."